Goti la Kushoto

Tairi usilipige teke, Bwana Lomayani.
Huyu si ng'ombe wa mnadani Weruweru.
Vua miwani ya jua, zunguka polepole.
Rangi hii ya buni mbivu ndiyo iliyoshuka nayo melini,
isipokuwa madigadi ya nyuma, kushoto,
yaliyoparuliwa na beberu wa Mama Ndelilio
ambaye mpaka anakufa hakuomba radhi.

Madalali watakwambia lilikuwa la daktari.
Lilikuwa la mkunga. Mkunga ni mimi.
Miaka thelathini na moja, usiku zaidi ya mchana,
Uru, Kibosho, Mabogini hadi kwenye miwa.
Viti viwili tu: kimoja changu,
kingine cha mkoba, au cha mume anayetetemeka,
na mara mbili cha mama mwenyewe,
paa limeshushwa kwa kuwa tumbo lilikataa kuinama.
Mmoja aliyenusura kuzaliwa humo
leo yuko ofisi ya kodi.
Ndiye atakayekugongea muhuri.

Fungua boneti.
Kabureta mbili, pacha, hazijawahi kukubaliana.
Fundi Mkwizu alizisuluhisha kila Juni
kwa bisibisi na matusi ya Kipare.
Asubuhi ya baridi vuta choki, hesabu hadi saba,
mafuta usikanyage. Ukikanyaga, litanuna
mpaka jua lipande.
Na gia ya pili haipendi haraka.
Ngoja kidogo, kama anayebisha hodi,
ndipo usukume.

Turubai ni la tatu. Alilishona Kiborloni
fundi wa mahema ya harusi,
hodari wa sindano kuliko wa kipimo,
ndiyo maana masika hupenya pale,
juu ya goti la abiria.
Nakwambia kabla hujauliza.

Unasema utalikodisha kwa maharusi,
shela lipepee, tarumbeta zitangulie.
Sawa, litafurahi.
Ila siku moja isiyo na harusi
shusha paa, panda peke yako barabara ya Kibosho
saa kumi na mbili alfajiri.
Watu hudhani gari la namna hii ni la kutazamia mlima.
Mlima una mawingu yake, hujionyesha ukipenda.
Hili ni gari la kunusia:
migomba iliyolowa, samadi, mbege ya jana,
sabuni ya mtoto anayekimbilia shule.
Mimi nyumba yenye uchungu niliijua
kwa kuni mbichi zilizowashwa kwa pupa,
kabla sijaona taa.

Kwa nini nauza? Swali la haki.
Si deni. Wala si wanangu wa Njiro
walioniambia nimezeeka; sikuwasikiliza.
Ni klachi. Goti la kushoto limegoma.
Daktari aliniandikia fimbo na gari la otomatiki.
Fimbo nimeichukua.

Bei ni ileile.
Ya kwako nimeisikia, irudishe mfukoni ikalale.
Nakupunguzia elfu hamsini za ule uvujaji,
na hizo ni kwa sababu niliutaja mimi.

Akahesabu noti, akatia sahihi, akaingia,
magoti yake marefu yakagusa usukani.
Nikampa ufunguo, na mwavuli unaolala nyuma ya kiti.
Hakungoja saba. Likanuna.
Akacheka, akaanza upya, kwa sauti,
moja, mbili, tatu, kama mtoto wa chekechea,
na kwenye saba likawaka.

Nilibaki kibarazani, nimelipa mgongo geti.
Nikasikia kokoto, kisha lami.
Gia ya kwanza. Sauti ikapanda, ikapanda,
mguu wangu wa kushoto ukakanyaga saruji,
ukangoja kidogo,
ukaachia.
Huko barabarani ya pili ikaingia bila kelele.

Goti likaniuma mpaka magharibi.